Kipimo cha Uloto kwa Mgonjwa wa Limfoma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali

Limfoma ni saratani ya seli za kinga, na mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena. Ugonjwa ukishathibitishwa kwa kuchunguza kipande cha tezi, daktari hulazimika kujua umeenea hadi wapi. Kuenea huko hupangwa katika hatua 4, kwa utaratibu uliotokana na mkutano wa Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971. Saratani ikikutwa ndani ya uloto, ambao wengine huuita uboho, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa hatua ya 4, hata kama tezi zilizovimba ni za shingoni tu.

Neno hilo huwatisha watu kupita kiasi. Hatua ya 4 ya limfoma hailingani na hatua ya 4 ya saratani ya ini. Wagonjwa wengi wa limfoma ya Hodgkin walio katika hatua hiyo hupona kabisa. Kinachobadilika ni tiba. Mgonjwa wa hatua ya mwanzo huweza kupewa mizunguko michache ya dawa na mionzi ya eneo moja, ilhali uloto ulioathirika huhitaji dawa zinazofika mwili mzima.

Wapo wanaokataa kipimo kwa kuhofia kupooza. Hofu hiyo haina msingi, kwani sampuli huchukuliwa nyuma ya mfupa wa nyonga, wala sindano haiingizwi kwenye uti wa mgongo. Baada ya ganzi, uloto wa majimaji huvutwa kwa sindano, kisha hukatwa kijipande chembamba cha mfupa chenye urefu wa sentimita 2 hivi. Ule uvutaji huuma sana kwa sekunde chache, na ganzi haiondoi maumivu hayo yote. Una haki ya kuambiwa hivyo mapema. Majibu ya mfupa huchukua siku kadhaa, kwa kuwa sharti ulainishwe kwanza maabara.

Si kila mgonjwa anayekihitaji. Kwa mujibu wa mapendekezo ya Lugano ya mwaka 2014, mgonjwa wa limfoma ya Hodgkin aliyekwisha kupigwa picha ya PET-CT kwa kawaida hahitaji kuchomwa. Picha ya CT pekee haitoshi kushika nafasi hiyo, na mashine za PET-CT bado ni chache Afrika Mashariki; hivyo kwa wengi wetu sindano ingali na kazi.

Kabla ya kutia saini, uliza: matokeo yatabadilisha tiba yangu kwa namna gani? Je, ada inajumuisha usomaji wa sampuli, au huo utalipiwa kando? Taja dawa zozote unazotumia za kuzuia damu kuganda. Omba ripoti ya maandishi, na ukihamia hospitali nyingine omba pia sampuli zilizohifadhiwa, usije ukachomwa mara ya pili bila sababu.

Jeraha lisiloweshwe kwa saa 24. Damu ikiendelea kutoka hata baada ya kukandamizwa, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyohiyo.