Ngano ya Kuchomoza Kutoka Chini

Mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani, kiangazi hukausha udongo wa juu, na mkulima huifukia ngano sentimita 10 au zaidi ili ikutane na unyevu. Mimi huvutiwa na ala nyembamba inayolinda jani la kwanza: isipofika juu, jani hujikunja na kufa gizani. Jeni za ufupi kutoka Norin 10, aina ya ngano ya Japani, zilizuia ngano isilale na kuongeza mavuno, lakini zilifupisha ala hiyo pia. Watafiti wa Australia sasa wanatumia Rht18, jeni inayofupisha bua huku ala ikibaki ndefu. Kazi hii naiheshimu sana. Wewe unayenunua mbegu, usiulize mavuno tu. Uliza inachomoza kutoka kina gani.