Maelezo kwa Watumishi na Wananchi: Usafiri wa Umma baina ya Dodoma, Ihumwa na Mji wa Serikali

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba maelezo yafuatayo yanahusu usafiri wa umma katika Jiji la Dodoma, hasa baina ya katikati ya Jiji, Ihumwa na Mji wa Serikali ulioko Mtumba. Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la watu wa Bara peke yao. Wabunge wa majimbo 50 ya Zanzibar, pamoja na wajumbe 5 wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi, huhudhuria Bunge huko Dodoma; wizara zinazoshughulikia mambo ya Muungano ziko Mtumba; na wapo vijana wetu wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Mwenye kufuata faili, hati au usaili huko yampasa ajue jinsi mji ule unavyosafirisha watu wake. Na sisi tunaopanua mji wetu kutoka Ng'ambo kuelekea mashamba tunayo haja ya kuyafahamu yaliyowakuta wenzetu.

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na katika mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kwa jina la CDA. Mpango Kabambe wa kwanza ulitayarishwa na kampuni ya wataalamu kutoka Toronto, Canada, na kukamilika mwaka 1976. Yafaa mpango huo ukumbukwe, kwani waliouandika hawakuanza na magari ya watu binafsi. Walianza na miguu, baiskeli na basi. Makazi yalikusudiwa kupangwa kama shanga katika uzi: kila mtaa uwe na skuli, duka na zahanati yake kwa umbali wa kutembea, na uzi wenyewe uwe njia ya mabasi inayounganisha mitaa yote na mahali pa kazi. Katika nchi ambayo wengi wa watu wake hawakuwa na gari, huo ulikuwa ni uamuzi wa busara.

Utekelezaji ulikwenda polepole kwa zaidi ya miaka 40. Mwendo ulibadilika tarehe 25 Julai 2016, pale Rais John Pombe Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alihamia mwaka huo huo, Makamu wa Rais mwaka 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. CDA ilivunjwa mwezi wa Mei 2017 na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, ambayo tarehe 26 Aprili 2018 ilipandishwa hadhi kuwa Jiji. Majengo ya kwanza ya wizara yalijengwa kwa haraka kubwa, na Mji wa Serikali ukazinduliwa tarehe 13 Aprili 2019, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya Jiji, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Mwanzoni watu wengi waliuita Mji wa Serikali wa Ihumwa, kwa kuwa Ihumwa ndicho kijiji kilichokuwa kikijulikana upande ule. Baadaye jina la Mtumba ndilo lililoshika.

Kwa msomaji wa Visiwani, vipimo vya huko vinahitaji kulinganishwa na vya hapa. Eneo la utawala la Jiji la Dodoma linazidi kilomita za mraba 2,500, na kisiwa kizima cha Unguja hakifiki 1,700. Mji wa Serikali peke yake una zaidi ya hekta 600, ambapo Mji Mkongwe wetu, kwa mipaka iliyosajiliwa katika Urithi wa Dunia, una hekta 96. Katika eneo hilo kubwa la Jiji, Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956, na ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Mji umekua karibu mara mbili katika miaka 10, na watu wametawanyika mbalimbali. Hali kama hiyo ni ngumu kwa mwenye kuendesha basi: abiria ni wengi kwa hesabu ya jumla, lakini ni wachache katika kila kituo.

Hapa ni muhimu kueleza hesabu ya basi, kwa kuwa malalamiko mengi kuhusu usafiri hutokana na kutoielewa. Tuchukue mfano. Ikiwa basi linatumia dakika 40 kutoka katikati ya Jiji hadi Mtumba pamoja na kusimama vituoni, na dakika 40 kurudi, na linapumzika dakika 10 kila mwisho wa njia, basi mzunguko wake mmoja ni dakika 100. Ili abiria apate basi kila baada ya dakika 10 yatahitajika mabasi 10. Sasa barabara ikisongamana, na safari ya kwenda ikawa dakika 60 na ya kurudi dakika 60, mzunguko unakuwa dakika 140. Mabasi 10 yale yale yatapita kila baada ya dakika 14. Kurudisha huduma ya dakika 10 kunahitaji kuongeza mabasi 4, madereva wake na mafuta yake, ilhali nafasi za abiria kwa saa zinabaki zile zile. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza basi lipewe njia yake. Dakika zinazookolewa barabarani ni sawa na mabasi yaliyonunuliwa bila ya fedha.

Tatizo la pili ni kwamba kazi za Serikali Bara huanza saa 1:30 asubuhi, na wote hutaka kufika kwa wakati mmoja. Tuseme watu 1,800 wanataka kwenda Mtumba katika saa moja, na kila basi linachukua watu 60. Patahitajika mabasi 30 kwa saa, yaani moja kila dakika 2, na kwa mzunguko wa dakika 100 hayo ni mabasi 50. Ifikapo saa 3:00 asubuhi mengi yao hayana kazi hadi alasiri. Zaidi ya hayo, asubuhi hujaa yakienda mashariki na kurudi matupu, na alasiri kinyume chake. Nauli ya upande mmoja inalazimika kulipia safari ya pande mbili. Mwenye daladala anayetafuta riziki yake hawezi kulaumiwa akiamua kusubiri mpaka gari ijae, au akiikimbia njia hiyo saa za mchana. Ameifanya hesabu hii kichwani bila ya kalamu.

Ofisi nyingi hujibu shida hii kwa kuweka basi la wafanyakazi. Mtumishi mwenye nafasi katika basi hilo hufika kazini salama, na si haki kulibeza. Lakini basi hilo hufanya safari mbili kwa siku na kulala uwanjani saa zilizobaki, na mama wa Ihumwa anayempeleka mtoto hospitali mjini haruhusiwi kulipanda ingawa linapita mbele ya mlango wake. Vivyo hivyo mfagizi aliyeajiriwa na mkandarasi, muuza chakula, na raia aliyeitwa wizarani kuleta vyeti. Watu hawa hutegemea daladala, bajaji na bodaboda, na kwao kila gari la kubadilisha njiani ni nauli nyingine. Mwenye mshahara mdogo anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za mwezi, hulipa nauli mara 88. Kwa maoni ya mwandishi wa maelezo haya, hapo ndipo mpango wowote wa usafiri wa Dodoma unapopaswa kupimwa kwanza, kabla ya urefu wa barabara na uzuri wa majengo ya vituo.

Ihumwa imepata mambo makubwa. Hapo ndipo jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa, SGR, cha Morogoro hadi Makutupora lilipowekwa mwezi wa Machi 2018, na hapo ndipo palipotengwa eneo la kupokea mizigo ya reli hiyo. Huduma ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza mwezi wa Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi sasa huchukua chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Hata hivyo msafiri aendaye Mtumba hupita Ihumwa akiwa ndani ya treni, akashushwa Dodoma, kisha akarudi kwa barabara upande ule ule aliotoka. Treni ya masafa marefu haiwezi kusimama kila kijiji, kwani mwendo wake ndio faida yake. Kazi ya kusimama ni ya chombo kingine, na chombo hicho lazima kipangwe kwa makusudi.

Vivyo hivyo kwa barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2022 na kugharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sehemu yake ya kwanza, kilomita 52.3, inatoka Nala kupitia Veyula na Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa. Ya pili, kilomita 60, inatoka Ihumwa kupitia Matumbulu kurudi Nala. Kazi yake kubwa ni kuyaondoa malori katikati ya Jiji. Lakini mkaazi wa Veyula anaweza kufaidika nayo kwa kufika Mtumba bila ya kuingia mjini, iwapo litapangwa basi la njia hiyo na vituo vikawekwa mapema, kabla ya kando za barabara kujaa maduka na kuta.

Dar es Salaam imekwisha kutoa mafunzo yake. Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974. Kufikia mwaka 1983 mabasi yake yalikuwa hayatoshi, ndipo magari ya watu binafsi yakaruhusiwa na jina la daladala likaenea. Mabasi yaendayo haraka yalianza tarehe 10 Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, na wakaazi waliona kwa macho yao faida ya basi lenye njia yake. Kisha ikaja njia ya Mbagala, yenye kilomita 20.3. Zege lilimwagwa na vituo vikasimama, lakini mabasi hayakuwepo, na huduma haikuanza mpaka mwaka 2025. Kujenga njia na kupata mwendeshaji ni kazi mbili, na ya pili isipoanza mapema ya kwanza hungoja.

Mji mkuu wa Brazil, Brasília, ulizinduliwa mwaka 1960 ukiwa umechorwa kwa ajili ya motokaa. Mwaka 1971 ulianzishwa mji wa Ceilândia, mbali na ofisi, kuwahamishia maskini waliokuwa wakiishi katika vibanda. Reli ya mjini ilifunguliwa mwaka 2001, na katika miaka hiyo yote wafanyakazi wa chini walikuwa barabarani alfajiri na usiku.

Dodoma bado haijafika huko. Ardhi baina ya Nzuguni, kilipo kituo kikuu cha mabasi, na Ihumwa haijajaa yote, na ukanda wa njia ya mabasi ukitengwa leo utagharimu kidogo kuliko fidia ya kesho. Nyumba za kupanga na skuli zikiwekwa pia mashariki ya Mtumba, mabasi yatapata abiria pande zote mbili na ile hesabu ya kurudi matupu itapungua. Na vituo viwe na mapaa na miti: Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, na upepo wake wa vumbi hauna huruma kwa mtu aliyesimama kando ya lami akimngoja konda.

Kwa wanaosafiri kwenda huko kwa shughuli za kikazi, yafaa ieleweke kwamba nauli za daladala huwekewa viwango na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na abiria ana haki ya kutozwa kiwango hicho tu. Kabla ya kupanda, kondakta aulizwe kama gari inafika Mtumba au inaishia njiani, na atajiwe jina la wizara inayokusudiwa, kwa kuwa kutoka barabara kuu hadi baadhi ya majengo kuna mwendo wa miguu usio mdogo. Anayetoka Unguja kwa boti ya asubuhi na kuunganisha na treni atafika Dodoma ofisi zikiwa zimekaribia kufungwa au zimekwisha kufungwa. Mwenye miadi ya saa 3:00 asubuhi huko Mtumba hana budi kuwasili siku moja kabla.