Barua Isiyo na Stempu

Chukua karatasi kubwa, ikunje mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, ncha moja uichomeke ndani ya nyingine, kisha udondoshee lakiri nyekundu kwenye mshono. Hiyo ndiyo barua ya miaka ya 1830. Bahasha haina, kwa sababu posta ya Uingereza ya wakati huo ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa karatasi ya pili. Stempu nayo haina, maana stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja, ilitoka mwaka 1840. Upande wa mbele kuna jina la mtu, jina la ngome ambayo hata karani wa posta London asingeweza kukuonyesha kwenye ramani, na ombi kwamba ipitie Hudson's Bay House, mtaa wa Fenchurch, London.

Mkusanyaji wa stempu wa kawaida ataipita karatasi hiyo bila kuitazama mara mbili. Ila lipo kundi la wakusanyaji ambao hawajali stempu hata kidogo; wao hukusanya safari. Kwao uso wa barua ni ushahidi: imebebwa na nani, imepita njia ipi, imelala wapi, imefika lini. Na ukitaka safari ndefu, ya taabu, yenye kila aina ya chombo, utaishia kwenye barua zilizobebwa na makampuni ya biashara huko kaskazini, nchi ya barafu, ambako serikali haikuwa na posta na huenda haikuwa na hata afisa mmoja.

Kubwa kuliko yote ni Kampuni ya Hudson's Bay. Tarehe 2 Mei 1670 Mfalme Charles II wa Uingereza aliipa hati ya kumiliki biashara ya ardhi yote ambayo mito yake humwaga maji katika Ghuba ya Hudson, nchi ambayo leo kwa sehemu kubwa ni ya Kanada. Mfalme hakuwa ameiona, na wenyeji wake, Wakrii na mataifa mengine, hawakuulizwa. Ardhi hiyo ilikuja kukadiriwa kuwa karibu kilomita za mraba milioni 3.9, yaani zaidi ya mara nne ya Tanzania nzima. Kilichotafutwa kilikuwa manyoya, hasa ya biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, ambaye sufu yake ya ndani ilitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya.

Tatizo lilikuwa barafu. Mlango wa bahari wa Hudson ulifunguka kwa muda mfupi tu wa kiangazi. Meli za kampuni zilitoka mto Thames mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, zikatia nanga Stromness katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, kuchukua maji na vijana wa kazi, kisha zikavuka Atlantiki. Zilifika York Factory, makao makuu ya kampuni upande wa ghuba, mnamo Agosti. Hata hapo hazikuweza kukaribia gati. Zilisimama mbali, kwenye kina kinachoitwa Five Fathom Hole, na mizigo ikashushwa kwa vyombo vidogo. Septemba zilipaswa kuwa zimeondoka, la sivyo barafu ingezinasa. Kwa hiyo posta ya bahari ilikuja mara moja kwa mwaka.

Hebu fikiria maana yake kwa mwandishi wa barua. Letitia Hargrave, mke wa ofisa mkuu wa York Factory, alifika hapo mwaka 1840 na kuishi kwa takriban miaka kumi, akiwaandikia mama yake na ndugu zake Uskoti. Barua zake zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1947. Ukizisoma unaona jinsi mwaka mzima wa habari ulivyobanwa kwenye kurasa chache: nani kazaliwa, nani kafa, nani kagombana na nani, na baridi iliyofikia kugandisha wino. Waandishi wengi wa enzi hiyo walipofika mwisho wa ukurasa waliugeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ileile, ikawa kama wavu. Robert Ballantyne, aliyeajiriwa na kampuni akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1841, alimwandikia mama yake barua ndefu sana kutoka huko, na katika mazoea hayo akajifunza kalamu. Mwaka 1857 alitoa hadithi ya The Coral Island, iliyosomwa na watoto wa Kiingereza kwa vizazi vingi.

Meli ilikuwa nusu ya kazi tu. Ndani ya bara kampuni ilikuwa na vituo hadi kwenye mto Mackenzie, karibu na Aktiki, na hadi pwani ya Pasifiki. Kila masika kikosi maalumu kiliondoka Fort Vancouver, kwenye mto Columbia, kikiwa na hesabu, taarifa na barua. Kilipanda mto kwa mashua, kikavuka milima ya Rocky kwa miguu juu ya theluji, kikapata farasi, kikashuka tena kwa mashua hadi ghubani, safari ya zaidi ya kilomita 4,000 kwa muda wa miezi mitatu na kitu. Ilihesabiwa kuwa njia ya haraka, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu njia nyingine ya kutoka Columbia hadi London ilikuwa kuzunguka Amerika Kusini yote kwa meli.

Majira ya baridi mito iligeuka barabara. Mwezi Desemba pakiti ya posta iliondoka Fort Garry, mahali palipo mji wa Winnipeg leo, ikiwa ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kwenye sleji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Mbwa walivuta, matarishi, wengi wao Wametis, watu wa damu ya Wazungu na wenyeji, walitangulia kwa miguu wakiwa na viatu vipana vya wavu wakiwakanyagia mbwa njia. Kwenye kila ngome kubwa barua zilitolewa, zikapangwa upya, watu wapya na mbwa wapya wakapokea. Kufika Fort Simpson kwenye mto Mackenzie ilichukua hadi mwishoni mwa majira hayo. Ndiyo maana juu ya barua nyingine utaona maneno yaliyoandikwa kwa mkono yakitaja pakiti ya kaskazini au ya majira ya baridi. Kwa mkusanyaji maneno hayo mawili matatu yana thamani kuliko stempu ya rangi.

Kinachosahaulika kirahisi ni kwamba posta hii haikuwa huduma ya umma. Mwenye sanduku ndiye mwenye duka, ndiye mwajiri, na katika sehemu kubwa ya nchi ile ndiye serikali. Barua yako ilisafiri kwa hisani yake. Mwaka 1844 hisani hiyo ilionyesha makucha. Katika makazi ya Red River, yaliyoizunguka Fort Garry, baadhi ya wakazi walikuwa wameanza kuwauzia manyoya wafanyabiashara wa upande wa Marekani. Gavana Alexander Christie alitoa tangazo mwezi Desemba: anayetaka barua yake isafiri kwa chombo cha kampuni aandike jina lake kwa nje, na kama hajatia sahihi tamko kwamba hashughuliki na manyoya, barua aiache wazi ikaguliwe ngomeni kabla ya kufungwa. Kwa maneno mengine, ulitakiwa kuchagua kati ya biashara yako na siri zako.

Watu hawakulisahau hilo. Mei 1849 kampuni ilimshtaki Mmetis mmoja, Guillaume Sayer, kwa kununua manyoya kinyume cha hati ya kampuni. Wametis wenye bunduki walikusanyika nje ya mahakama. Sayer alikutwa na hatia lakini hakupewa adhabu yoyote, na umati ukatoka ukishangilia kwamba biashara sasa ni huru. Baada ya miaka michache posta nayo ikapata mlango wa pili. Mwaka 1855 baraza la Red River lilimteua William Ross kuwa mkuu wa posta, akiendesha kazi nyumbani kwake. Nyumba hiyo ya magogo ingalipo Winnipeg, ni makumbusho. Barua zake zilipelekwa kusini, ng'ambo ya mpaka, hadi Pembina, zikaingia katika posta ya Marekani. Ndipo tunapokuta kioja kinachowafurahisha wakusanyaji: barua iliyoandikwa katika ardhi ya kampuni ya Kiingereza, inayokwenda Uskoti, huku imebandikwa stempu za Marekani. Baada ya Kanada kuichukua nchi hiyo mwaka 1870, kwa fidia ya pauni 300,000, posta ya serikali ikaanza kuingia polepole, lakini kwenye vituo vya mbali kampuni iliendelea kubeba mifuko kwa miaka mingi.

Zipo pia barua zilizokwenda njia yote na kurudi bila kufunguliwa na mlengwa. Mabaharia na vibarua wa kampuni walikufa, walitoroka, au walikuwa wameshapanda meli ya kurudi wakati barua ya mama au mchumba ikipishana nao baharini. London ilizihifadhi badala ya kuzichoma. Mwaka 2003 wanawake wawili, mtunza nyaraka Judith Hudson Beattie na mtaalamu wa fasihi Helen Buss, walichapisha kitabu cha barua hizo, zaidi ya 200, zilizoandikwa kati ya 1830 na 1857. Nyingi ni za watu maskini, wengine wakiandikiwa na jirani aliyejua kuandika. Mimi nazihesabu kuwa hazina kubwa kuliko barua za magavana wote, kwa kuwa magavana walijua kwamba watasomwa.

Kampuni hii haikuwa peke yake. Greenland ilikuwa chini ya shirika la biashara la Mfalme wa Denmark, lililoanzishwa miaka ya 1770, na meli za shirika hilo zilibeba barua bila malipo. Zilipofika Copenhagen na kutakiwa kuendelea nchi nyingine, ndipo zilipobandikwa stempu za Denmark. Vifurushi ndivyo vilivyotozwa, na tangu 1905 vilikuwa na stempu zake zenye picha ya dubu mweupe na maneno Pakke-Porto. Basi kwa zaidi ya miaka 30 Greenland ilikuwa na stempu za vifurushi na haikuwa na za barua. Hizo zilikuja Desemba 1938. Kaskazini kabisa, Thule, mvumbuzi Knud Rasmussen alifungua kituo chake binafsi cha biashara mwaka 1910, faida yake ikalipia misafara yake ya utafiti, na mwaka 1935, yeye akiwa ameshafariki, kituo kikatoa stempu zake chenyewe.

Wasomaji wa Mombasa na Lamu wasidhani mambo haya ni ya barafuni tu. Mei 1890 kampuni ya William Mackinnon iliyopewa hati ya kutawala Afrika Mashariki ya Kiingereza ilianza posta yake pwani kwa kuchukua stempu za Uingereza na kuzipiga chapa ya jina lake. Mwishoni mwa mwaka huo zikafuata zenye picha ya jua na taji. Na meli nyingi zilizopita hapo zilikuwa za kampuni nyingine ya Mackinnon huyohuyo. Mtu mmoja alishika kalamu, muhuri na chombo.

Sasa, barua isiyo na stempu mtu huihakikishaje? Kwanza kwa mgongo wake. Makarani walizoea kuandika kwenye ukingo wa barua tarehe ya kuipokea na ya kuijibu, kisha wakaifunga kwenye kitita. Pili kwa mihuri ya bandari, kama ilishukia bandari ya Uingereza na kutozwa ada ya barua za melini. Tatu kwa daftari za kampuni yenyewe. Maduka yake yalifungwa yote mwaka 2025, baada ya miaka 355, lakini nyaraka zake zilikuwa zimehamia Winnipeg tangu 1974 na kukabidhiwa jimbo la Manitoba mwaka 1994, zikiwemo kumbukumbu za safari za meli: siku ya kung'oa nanga, siku ya kuonana na barafu, siku ya kuona nchi kavu.

Kwa hiyo ukiuziwa barua iliyoandikwa York Factory tarehe 10 Desemba, usiikatae kwa sababu tu meli zilikuwa zimekwisha kuondoka. Huenda ilianzwa siku hiyo ikamaliziwa Agosti, na kama mgongoni imeandikwa kwamba ilipokelewa London mwezi Novemba, hesabu inakubali. Kama imeandikwa Aprili, basi ilipita Red River kwa mbwa na kuteremkia Marekani au Kanada, na huko haikosi kupigwa muhuri au kuandikwa ada kwa kalamu. Igeuze pande zote. Usipokuta alama yoyote ya nchi hizo mbili, irudishe kwa muuzaji na umuulize ilipita wapi.