Mjomba Sy na Binti wa Makambako

Katika filamu ya One Hour Photo ya mwaka 2002, Robin Williams anaigiza Sy Parrish, msafisha picha katika duka kubwa la Marekani. Kila mara familia ya Yorkin inapoleta mkanda wa kamera, Sy hutoa nakala moja zaidi na kuondoka nayo, hata ukuta wa nyumba yake umejaa sherehe za watu ambao hawajawahi kumwalika. Kichwani mwake yeye ni Mjomba Sy. Wengi huitazama wakimwogopa mgeni mwenye roho mbaya, lakini mimi naona inaonyesha jambo ambalo Njombe tunalielewa bila kufafanuliwa sana: mtu hung'ang'ania familia isiyo yake pale anapoijua ndani nje, yenyewe haimjui, na hana watu wengine wa kumjua.

Makambako ndipo barabara ya kutoka Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Kwa njia hizo mabinti wa huku wamekuwa wakishuka Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa miaka mingi, wengine wakiwa yatima katika mkoa ambao utafiti wa 2016–17 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wazima. Baada ya miezi michache binti anajua mtoto yupi hukohoa usiku, baba hapendi chai ya tangawizi, na mama huzungumza na nani anapofunga mlango. Yeye hajaulizwa hata mama yake anaitwa nani. Jina lake lenyewe limepotea: anaitwa "dada", kama alivyoitwa aliyemtangulia. Mwaka 1995 wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary walijenga hoja kwamba binadamu ana haja ya msingi ya kuwa na watu wake, na kwamba haja hiyo haitoshelezwi na kuonana kila siku tu. Lazima pawepo na kujaliana kunakodumu. Binti wa kazi ana kuonana kupita kiasi. Kujaliwa anakupata kwa yule mtoto anayembeba mgongoni, basi moyo wote unahamia hapo. Akiachishwa kazi asubuhi moja, anaondoka na mfuko wa nguo na uchungu wa kufiwa, na hakuna anayempa pole.

Wapo watakaosema narembesha hatari, maana wapo watoto waliowahi kuumizwa na wafanyakazi. Ni kweli, na anayemuumiza mtoto hana utetezi. Wala upweke peke yake haumgeuzi mtu kuwa Sy. Filamu yenyewe inadokeza mwishoni kwamba utoto wake ulichezewa. Lakini tazama tunavyojikinga: tunachukua simu ya binti, tunamkataza kutoka, tunamtenga na mashoga zake. Tafiti za John Cacioppo kuhusu upweke zinaonyesha kwamba mtu aliyetengwa huanza kuona dharau na tishio hata katika neno dogo. Kinga hiyo inalisha kilekile tunachokiogopa. Wengine watajibu kwamba binti anakula nao mezani, ni mtoto wao. Basi mtoto wao wa kuzaa huenda kwa rafiki zake Jumamosi, na akinuna hafukuzwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na katika saa hizo ndipo angepata kwaya, Wabena wenzake, na mtu wa kuzungumza naye Kibena mpaka acheke.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aandike maelezo ya mfanyakazi: jina, umri, anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa. Katika nyumba nyingine, kuijaza karatasi hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza kumuuliza binti kama kwao ni upande wa Lupembe au Wanging'ombe.