Je, Wajua? Imani, matendo na mstari wa longitudo 34

Je, wajua kwamba familia nyingi za ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hazikuingia Ulutheri au Umoravian kwa imani, wala kwa matendo, bali kwa longitudo? Mwaka 1891 misheni mbili za Kijerumani zilifika Unyakyusa karibu kwa wakati mmoja. Wamoravian wa Herrnhut walipanda milimani wakajenga Rungwe. Misheni ya Berlin, ya Kilutheri, iliongozwa na Alexander Merensky, mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi katika kazi hiyo huko Transvaal. Ili wasije wakagombea waumini, walipatana mpaka: longitudo ya 34 mashariki. Upande wa machweo wa Moravian, upande wa macheo wa Berlin. Matema iliangukia macheo kwa kilometa chache tu, na mpaka leo hospitali yake ni ya Walutheri. Ipyana, jirani na mji wa Kyela, iliangukia machweo, na Wamoravian wakafungua kituo hapo mwaka 1894.

Jambo la kuchekesha ni kwamba misheni zote mbili zilihubiri kitu kilekile: mtu haokolewi kwa wema wake, anaokolewa kwa neema, na neema anaipokea kwa imani. Kwa hiyo mzozo mkubwa wa Ulaya, ule wa Martin Luther na Roma, ulipofika Kyela haukuwa na wa kuupinga. Ukaja kuzuka kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa ndoa na ubatizo. Tutaufikia.

Je, wajua kwamba Paulo na Yakobo wanamwita shahidi mmoja, kila mtu upande wake? Shahidi huyo ni Ibrahimu. Paulo, katika Warumi sura ya 4, anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 15, mzee asiye na mtoto aliyeangalia nyota akaamini alichoambiwa. Yakobo, katika sura yake ya 2, anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 22, yule aliyemfunga mwanawe juu ya kuni. Mtu ni yuleyule, miaka ndiyo tofauti. Luther, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliongeza neno la "peke yake" kwenye Warumi 3:28 ili imani ibaki bila mwenza. Wapinzani wake wakamrukia, na walikuwa na hoja: mahali pekee ambapo Biblia yenyewe inataja imani peke yake ni katika Yakobo, na Yakobo anaitaja ili aikatae. Luther aliuita waraka huo waraka wa majani makavu. Hakuuondoa, lakini aliusogeza kuelekea mwisho wa kitabu.

Je, wajua kwamba Wamoravian, wazazi wa kiroho wa Rungwe na Ipyana, waliwahi kumpoteza John Wesley kwa sababu ya swali hilihili? Kisa hiki ni kitamu, nitakaa nacho kidogo. Januari 1736 Wesley, kasisi kijana wa Kiingereza, alikuwa melini akielekea Georgia, Marekani. Dhoruba ikapiga. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian waliokuwa melini, wanaume, wanawake na watoto, wakaendelea kuimba zaburi. Wesley aliona haya. Yeye alikuwa mtu wa ratiba: kufunga, kutembelea wafungwa, kuandika kila dakika aliyotumia. Matendo alikuwa nayo tele, amani hana. Aliporudi London akawafuata Wamoravian wa huko, na tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano wa jioni mtaa wa Aldersgate, huku mtu akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi, alihisi moyo wake umepata joto la ajabu. Wamethodisti wengi huiadhimisha jioni hiyo mpaka leo.

Lakini mwaka uliofuata akaja mhubiri mmoja wa Kimoravian, Philipp Molther, na fundisho la utulivu. Alisema asiye na imani kamili aache kila kitu: asishiriki Meza ya Bwana, asisome Maandiko kwa kutafuta, asijishughulishe na matendo mema, akae kimya mpaka Mungu ampe imani. Wesley aliona hapo wenzake wamevuka mto. Kama mtu ana njaa, utamwambia asikaribie chakula mpaka ashibe? Julai 1740 alisimama katika kikundi chao cha Fetter Lane, akasoma pingamizi lake, akatoka, na waliokubaliana naye wakamfuata. Kwa hiyo anayedhani kwamba ugomvi wa imani na matendo ni wa Mkatoliki na Mprotestanti tu, akumbuke kwamba waliotengana Fetter Lane walikuwa wanakubaliana karibu kila kitu.

Je, wajua kwamba meli ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa ilinunuliwa kwa bahati nasibu? Kamati ya Ujerumani ya kupinga biashara ya utumwa ilipewa kibali cha kuchezesha bahati nasibu mwaka 1891, na sehemu ya fedha ikaunda Hermann von Wissmann, iliyoingia majini 1893. Luther alianza vita vyake mwaka 1517 kwa kupinga vyeti vya msamaha vilivyouzwa ili kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Karibu karne nne baadaye taifa la Luther likawa linauza tiketi ili kufanya tendo jema. Sisemi ni jambo lilelile, kwani tiketi haikumwahidi mtu mbingu. Ila Luther angekunja uso.

Je, wajua kwamba Wanyakyusa walikuwa na fundisho lao kali la matendo kabla mmishenari hajashuka kwenye mtumbwi? Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi nao kati ya 1934 na 1938, na vitabu vya Monica bado ndivyo vinavyosomwa zaidi kuhusu Unyakyusa wa zamani. Aliandika jinsi mila za msiba zilivyopaswa kutimizwa hatua kwa hatua, na jinsi watu walivyoamini kwamba aliyeziruka anaweza kurukwa na akili. Aliandika pia kuhusu pumzi ya watu: mtu akiwanyima majirani nyama, au akimdharau baba yake, wanakijiji wananung'unika, na manung'uniko hayo yanamletea baridi na homa. Kwa watu hao maisha mema hayakuwa suala la dhamiri ya mtu na Kyala, yaani Mungu, peke yao. Kijiji kizima kilikuwa kinaangalia. Sasa fikiria mgeni anakuja na kusema yote yamekwisha kulipwa, wewe amini tu. Wapo waliofurahi. Wapo pia, bila shaka, waliouliza: na msiba wa baba atausimamia nani?

Mtu wa kwanza kubatizwa Rungwe alikuwa mwanamke, Fiabarema, mwaka 1897. Piga hesabu: miaka sita tangu wamishenari wafike. Neema ilikuwa ya bure lakini foleni yake ilikuwa ndefu, kwa sababu kabla ya maji kulikuwa na darasa, na kabla ya darasa kulikuwa na uchunguzi wa mwenendo. Na hapo ndipo mlango ulipobana. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Katika misheni nyingi za Afrika mke wa mtu huyohuyo aliweza kubatizwa, maana hakuichagua ndoa hiyo. Basi nyumba moja ikawa na mama ndani ya kanisa na baba nje, na baba huyo pengine anaamini kila neno la mahubiri. Machifu karibu wote waliangukia nje. Muulize mwanateolojia yeyote: kama imani inatosha, kwa nini huyu amesimama mlangoni? Jibu la wamishenari lilikuwa kwamba imani ya kweli huzaa matunda. Ni jibu la Kilutheri safi, lakini aliyekuwa mlangoni alisikia Yakobo, hakusikia Paulo.

Je, wajua aliyeufungua mlango huo kwa kishindo? Alitokea kusini zaidi, upande wa Nyasaland, Malawi ya leo. Elliot Kamwana alikuwa amesoma kwa Waskoti wa Livingstonia, misheni ambayo waumini wake walikaa miaka katika madarasa ya kusubiri ubatizo, na ada za shule zilikuwa zikiwaudhi wengi. Akaenda Afrika Kusini, akakutana na mmishenari Joseph Booth, akarudi mwaka 1908 na mafundisho ya Watch Tower, asili ya Mashahidi wa Yehova wa leo. Alihubiri kwamba Kristo anarudi Oktoba 1914, na akabatiza papo hapo, bila darasa na bila ada. Katika miezi michache watu wapatao 10,000 waliingia majini. Serikali ya Waingereza ikamhamisha mwaka 1909. Oktoba 1914 ikapita, na katika Ziwa Nyasa kilichokuwa kimefika ni Vita Kuu: mwezi Agosti Waingereza waliishambulia ile meli ya bahati nasibu ikiwa juu ya nchi kavu kwa matengenezo. Mtu aweza kumcheka Kamwana kwa tarehe yake. Kwa habari ya foleni, hata hivyo, aliwashika Waskoti pabaya: kama wokovu ni zawadi, kwa nini mpokeaji apange mstari miaka?

Vita vikawaondoa wamishenari wa Kijerumani, na Waskoti haohao wa Livingstonia wakasaidia kulea makanisa ya Unyakyusa mpaka Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920. Lakini kazi ya kila siku ilibebwa na walimu na wazee wa kanisa wa hapahapa. Kutoka katika mazingira hayo, upande wa kaskazini wa Nyasaland, yakazaliwa makanisa kama African National Church na Last Church of God and His Christ, yakavuka mto Songwe hadi Unyakyusa. Yalimpokea mwenye wake wengi jinsi alivyo. Viongozi wake hawakuwa watu wa mzaha wala waliotafuta tu ruhusa ya kuoa. Wengi walikuwa wamesoma shule za misheni, wanaijua Biblia, na walitaka waonyeshwe aya inayomfungia Yakobo mwana wa Isaka nje ya ufalme kwa sababu ya Lea na Raheli. Sijawahi kusikia jibu fupi la swali hilo.

Nenda leo kanisa lolote kati ya Kyela mjini na Matema siku ya Bwana, uone mambo yalivyo. Mahubiri ni ya neema. Baada ya baraka watu wanatoka nje, na mnada wa sadaka unaanza: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mpunga kwenye ndoo, mayai ndani ya kofia. Mzee wa kanisa anapandisha bei kwa maneno ya kuchekesha, na yai moja laweza kununuliwa mara tatu kwa sababu kila mnunuzi analirudisha mezani. Kuna bahasha za ahadi zenye namba. Kuna neno zito la kutengwa, kwa aliyeishi na mtu bila ndoa au aliyezaa nje, na kuna siku ya kurudi kundini, anaposimama mbele ya ushirika wote. Na kuna lile linalosemwa kwa sauti ya chini msibani, Walutheri kwa Wakatoliki: marehemu alikuwa hai kanisani? Maana yake, je, alishiriki jumuiya, na je, alitoa? Mchungaji atakwambia, na kwa haki, kwamba bahasha hainunui mbingu. Wafiwa, hata hivyo, wanaitafuta kadi yake ya kanisa kabla ya kutafuta mbao za jeneza.

Je, wajua kwamba Walutheri wenyewe walishindwa kukubaliana juu ya fundisho lao kuu? Mkutano mkuu wa Shirikisho lao la dunia, Helsinki 1963, ulikaa ili ueleze kuhesabiwa haki kwa imani kwa lugha ya mtu wa leo, na ukamalizika bila tamko lililokubaliwa. Mwaka huohuo ndipo makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa KKKT. Mkutano wa 1977 ulifanyika Dar es Salaam na kumchagua Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Kisha tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki wakatia sahihi tamko la pamoja: tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na neema hiyo inatuita katika matendo mema. Wamethodisti wa Wesley wakaliunga mkono mwaka 2006. Ilichukua karibu miaka 500 kuandika sentensi ambayo bibi yeyote wa umoja wa wanawake angeikubali kabla chai haijapoa. Meza ya Bwana, hata hivyo, bado hawashiriki pamoja.

Na yule baba aliyeachwa mlangoni? Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Walirudi kwenye jambo hilo mwaka 1988, miaka 100 kamili baadaye, na aliyelisimamia alikuwa Mkenya, Askofu David Gitari. Safari hii walikubali: abatizwe yeye pamoja na wake zake na watoto walioamini, na asilazimishwe kuwafukuza wake hao, kwa sababu ya mateso yatakayowapata. Masharti ni kwamba aahidi kutooa tena maadamu mmoja wao yu hai, na Wakristo wa mahali pake wawe wameridhia.