Kiti cha Mgeni Hakikaliwi Bure

Mwaka 1960 mwandishi wa riwaya Evelyn Waugh, mtu aliyejulikana kwa kuichukia televisheni, alikubali kuhojiwa na BBC katika kipindi cha Face to Face. Mwendeshaji wa kipindi, John Freeman, alimtupia swali ambalo watangazaji wengi hawathubutu kulitoa hewani: kama mambo haya huyapendi, umekuja kufanya nini? Waugh alijibu kwamba kilichomleta ni umaskini, akaongeza kuwa wote wawili, muulizaji na muulizwaji, wamekodiwa kuongea. Waugh alikuwa fundi wa kejeli, ila safari hii kejeli yake ilieleza kazi yetu vizuri kuliko vitabu vingi vya uanahabari.

Hakuna anayekuja studio kupiga soga. Mwanasiasa ana ujumbe, au ana doa analotaka kulisafisha kabla ya uchaguzi. Mwigizaji ana filamu inayotoka Ijumaa. Mwandishi ana kitabu. Kituo nacho kinataka watazamaji wa kuwaonyesha wenye matangazo. Kwa hiyo kabla taa hazijawashwa pamekwishafanyika mapatano: nani analipwa, maswali yanajulikana au hayajulikani, ni dakika ngapi, yanakwenda moja kwa moja au yanarekodiwa, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Mtazamaji huona ukali au ulegevu wa mtangazaji akadhani ni tabia yake. Mara nyingi anachokiona ni mapatano hayo.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mfano mkubwa kuliko yote ulipo. Richard Nixon alijiuzulu urais wa Marekani Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, akasamehewa na mrithi wake Gerald Ford, hivyo hakupandishwa kizimbani. David Frost, Mwingereza aliyefahamika zaidi kwa vichekesho na mahojiano ya mastaa, akamfuata na ofa: dola 600,000, pamoja na asilimia 20 ya faida. Vituo vikubwa vya Marekani vilikataa kuvinunua vipindi hivyo, vikisema habari hainunuliwi. Frost akajiundia mtandao wake wa vituo vya kujitegemea na kutafuta wadhamini mwenyewe.

Ukiishia hapo utasema mgeni aliyelipwa kiasi hicho lazima aliulizwa kwa upole. Lakini mkataba ulikuwa na upande wa pili. Nixon hakupewa maswali mapema, wala hakuwa na sauti katika uhariri. Naye alijikinga: kati ya vipindi vinne vya dakika 90, Watergate ilitengewa kimoja tu. Walirekodi kwa siku 12, Machi na Aprili 1977, katika nyumba moja ya pwani huko California, jumla ya karibu saa 29. Siku za mwanzo Nixon aliziburuza. Alikuwa mwanasheria na mwanasiasa mzoefu. Alijua kwamba jibu la dakika ishirini haliulizwi swali la nyongeza.

Kilichomwokoa Frost kilitoka kwenye karatasi. Mmoja wa watafiti wake, James Reston Mdogo, alichimba kumbukumbu za kesi za Watergate akapata maandishi ya mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson, ambayo umma ulikuwa haujayaona. Frost aliyasoma mbele ya kamera, na Nixon hakuwa amejiandaa kuyajibu. Kisha likatokea jambo ambalo Frost alilisimulia baadaye. Wakati Nixon anakaribia kulegea, msaidizi wake Jack Brennan, aliyesimama pembeni ya kamera, aliinua karatasi yenye maandishi. Frost akaisoma haraka kama ombi kwamba wazungumze kidogo, akasimamisha kurekodi kwa kisingizio cha kubadilisha kanda. Kumbe karatasi ilikuwa inasema mwache aseme. Waliporudi mezani, Frost aliutupa chini ubao wake wa maswali, akamwambia Nixon bila kusoma popote mambo ambayo Wamarekani walikuwa wanasubiri kuyasikia kutoka kwake. Nixon akakiri kuwa amewaangusha marafiki zake na nchi yake. Kipindi hicho kilirushwa tarehe 4 Mei 1977, kikatazamwa na Wamarekani wapatao milioni 45.

Napenda mfano huu kwa sababu unavuruga kanuni rahisi. Fedha ilikuwa nyingi, na bado ukweli ulitoka, kwa kuwa mambo mawili hayakuuzwa: maswali na uhariri. Wapo wageni wasiolipwa hata nauli ambao wameshika vyote viwili.

Katika studio zetu ombi la kwanza la msaidizi wa mheshimiwa ni lile lile siku zote: "Nitumie maswali kwa WhatsApp nimwonyeshe bosi." Ukituma mada, umetenda haki, mtu anahitaji kujua aje na takwimu gani. Ukituma maswali, umeandaa mtihani uliovuja, na mtazamaji atagundua, maana mgeni atakuwa anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna wakati, hata hivyo, ombi hilo lina sababu. Mei 1975 Vladimir Nabokov alikubali kwenda Paris kwenye Apostrophes, kipindi cha vitabu cha Bernard Pivot, kwa sharti kwamba apewe maswali kwa maandishi. Aliandika majibu nyumbani, akayasoma studio kutoka kwenye kadi zilizofichwa nyuma ya vitabu vilivyopangwa mezani. Pembeni yake palikuwa na birika, na Pivot alikuwa akimwongezea chai kwa adabu kubwa. Ndani ya birika ilikuwa wiski. Kwa mizani yangu ya kazi hayo hayakuwa mahojiano hata kidogo, yalikuwa usomaji wa insha. Nayo yalipendeza, kwa sababu Nabokov hakuwa na la kuficha zaidi ya hofu yake ya kusema bila kuandika. Sharti lile lile akipewa waziri wa fedha, ni wizi.

Pivot mwenyewe aliendesha Apostrophes kila Ijumaa usiku kuanzia Januari 1975 hadi Juni 1990, vipindi 724, na wenye maduka ya vitabu Ufaransa waliijua vizuri Jumamosi iliyofuata. Siri yake ilikuwa ya kuchosha: alivisoma vitabu vyenyewe. Mtangazaji aliyesoma kitabu anaweza kuuliza kuhusu ukurasa. Ambaye hakusoma huuliza, "Tuambie, kitabu chako kinahusu nini?", na hapo mgeni ameshakabidhiwa tangazo la bure.

Wanasiasa wana somo lao wanalofundishwa na washauri wa mawasiliano: usilikatae swali, ligeuze. Msikilizaji wa Kiswahili anaifahamu mbinu hii kwa sikio. "Nashukuru kwa swali zuri, lakini kwanza niwapongeze wananchi wa jimbo langu." "Kikubwa hapa ni kwamba serikali imejipanga." "Tusiangalie tulikotoka, tuangalie tunakokwenda." Piga hesabu: mahojiano ya dakika saba, majibu manne ya dakika moja na nusu kila moja, na muda umekwisha kabla ya swali lenyewe kugusana na jibu lenyewe. Dawa ni kurudia swali, na kwetu lazima lirudiwe kwa heshima, kwa sababu mtangazaji kijana akimkatiza mtu mzima, watazamaji watamhukumu yeye na kumsahau aliyekwepa. "Samahani Mheshimiwa, naomba nikurudishe kwenye swali" ni sentensi fupi. Ukiitamka mara tatu kwa sauti ile ile, hakuna atakayesema huna adabu, na kila mtu atakuwa ameona kinachotokea.

Mara tatu si nyingi. Tarehe 13 Mei 1997 Jeremy Paxman wa kipindi cha Newsnight alimwuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, swali moja mara kumi na mbili: je, alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake? Kila mara Howard alieleza alichokuwa na haki ya kufanya, hakueleza alichofanya. Howard wakati huo alikuwa anawania uongozi wa chama chake, na jibu la ndiyo au hapana lingempa shida kwa njia yoyote. Mahojiano hayo yamekuwa alama ya ujasiri wa kihabari. Ila Paxman alikuja kueleza baadaye kwamba aliendelea kulirudia swali kwa sababu taarifa iliyopaswa kufuata haikuwa tayari, naye alitakiwa kujaza muda. Binafsi simpunguzii hata alama moja. Wengi wetu tungejaza muda huo kwa kuuliza hali ya familia.

Matangazo ya moja kwa moja yana hatari yake. Novemba 2016 kituo cha KTN cha Kenya kilikiondoa hewani kipindi cha Jeff Koinange Live baada ya mgeni mmoja, mwanasiasa, kumtolea mgeni mwenzake, mwanamke aliyekuwa naye mezani, maneno ya kumdhalilisha. Mwaka uliofuata kipindi kikahamia Citizen TV. Kipindi kilichorekodiwa kina mhariri na mkasi. Kinachokwenda moja kwa moja kinabaki na mtu mmoja tu wa kuzuia, naye ni yule aliyekaa hapo, anayepaswa kukata kauli ndani ya sekunde mbili. Wageni wawili wenye ugomvi huvutia watazamaji, na kituo kinachowakutanisha kwa ajili hiyo hakiwezi kudai kimeshangazwa.

Watu huzungumza kidogo mno kuhusu kamera. Freeman na mtayarishaji wake wa Face to Face, Hugh Burnett, walifanya uamuzi ambao hadi leo naona ni wa kijasiri: sura ya muulizaji isionekane. Ungeona bega lake, kisogo, pengine moshi wa sigara. Uso uliojaa kioo ulikuwa wa mgeni. Mgeni hakuwa na pa kupumzikia, kwa sababu hata wakati wa kuulizwa alikuwa anatazamwa yeye. Gilbert Harding, mmoja wa watu maarufu zaidi katika televisheni ya Uingereza, aliulizwa mwaka 1960 kama amewahi kuwa karibu na mtu aliyefariki, sauti ikamkatika mbele ya taifa. Freeman, aliyewahi kuwa mbunge na mhariri wa jarida, baadaye mara chache mno alikubali kuhojiwa yeye. Waandishi wa habari ndio wageni wagumu kuliko wote. Wanajua kamera iko wapi.

Katika kiti hicho hicho alikaa pia Jomo Kenyatta mwishoni mwa 1961, miezi michache baada ya kuachiliwa kutoka kifungo na kizuizi vilivyoanza na kukamatwa kwake Oktoba 1952. Mwaka mmoja kabla, Gavana wa Kenya, Patrick Renison, alikuwa amemtangaza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Waingereza walikuwa wamemsoma Kenyatta magazetini kwa miaka tisa kama jina la kutisha. Kwake faida ya mahojiano ilikuwa wazi, nayo haikutegemea jibu lolote moja: uso wa mzee aliyetulia, akiongea Kiingereza kizuri, ukiwa karibu kiasi hicho kwenye sebule za London wakati mazungumzo ya katiba yanaendelea. Freeman alipata mgeni ambaye kila mtu alitaka kumwona. Pande zote mbili zilipata zilichokijia, na mtazamaji pia.

Waigizaji siku hizi ni hadithi fupi. Hufungiwa chumba cha hoteli, waandishi wakapanga foleni nje, kila mmoja dakika chache, na mtu wa kampuni ya filamu amesimama na saa. Robert Downey Mdogo aliondoka katikati ya mahojiano na Channel 4 News mwaka 2015 alipoulizwa kuhusu maisha yake ya zamani. Alihisi mapatano yamevunjwa: alikuja kutangaza filamu. Mwandishi naye hakuwahi kukubali kwamba yeye ni tangazo. Wote wawili walikuwa sahihi kwa upande wao, ndiyo maana klipu ile haikwisha kusambazwa.

Linabaki suala la gharama ya kituo. Reston mmoja wa kuchimba nyaraka analipwa mshahara kwa miezi kabla hujapata dakika moja ya kurusha. HARDtalk, kipindi cha mahojiano cha BBC kilichoanza mwaka 1997 na Tim Sebastian na kuendelezwa na Stephen Sackur, kilikuwa na watu wa aina hiyo nyuma ya kila mahojiano, na viongozi wengi wa Afrika walikaa mbele yake wakijua wamesomwa vilivyo. Oktoba 2024 BBC ilitangaza kwamba itakifunga, na Machi 2025 kikafungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana matumizi.