MPANGO WA SENTENSI: KISWAHILI CHETU NA KIARABU



Ndugu mwanafunzi, wengi tunapoanza nahau huandika Kiarabu kwa mpango wa Kiswahili. Kosa hili si dogo, kwani laweza kugeuza maana.

Kwa Kiswahili tunasema: "Mtoto ameandika somo." Mtendaji hutangulia, kisha kitendo, kisha kitendwa. Kimakonde, Kimakua na Kiyao, lugha za majumbani kwetu Newala na Masasi, kwa kawaida hufuata mpango huo. Kiarabu fasaha mara nyingi hutanguliza kitendo: "Kataba al-waladu ad-darsa." Zingatia mambo mawili:

1. Mtendaji hutambulikaje? Ukisema "Juma amemwita Ali", mahali pa jina ndipo panapoonyesha nani kaita. Katika Kiarabu, hutazamwa harakati ya mwisho: dhamma ni ya fa'il, fat-ha ni ya maf'ul. Fungua Suratul-Baqara, aya ya 124. Jina la Nabii Ibrahim limetangulia, na neno "Mola wake" likafuata. Anayesoma kwa mpango wa Kiswahili atadhani Ibrahim ndiye aliyemtahini Mola wake! Lakini Ibrahim ana fat-ha na Mola ana dhamma; basi Mola ndiye aliyemtahini Ibrahim.

2. Umoja na wingi. Sisi husema "Watoto wameandika" au "Wameandika watoto", "wa-" haibanduki. Kiarabu husema "Kataba al-awlaadu", fi'li ikiwa ya umoja, lakini mtendaji akitangulia husemwa "Al-awlaadu katabuu". Wanazuoni wa nahau huita ya kwanza jumla fi'liyya, na ya pili jumla ismiyya.

Elimu ya lugha ya zama hizi nayo imelichunguza jambo hili. Noam Chomsky wa Marekani, aliyetoa kitabu chake cha Syntactic Structures mwaka 1957, anasema lugha zote za wanadamu zina msingi mmoja. Wanaofuata njia yake, kama Abdelkader Fassi Fehri wa Morocco, wameeleza kuwa katika Kiarabu kitendo hupanda kutoka mahali pake kikampita mtendaji. Msingi ni mmoja, mipango mbalimbali.

Nasi Waislamu tunajua kutoka Suratur-Rum, aya ya 22, kuwa kutofautiana kwa lugha ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Basi usikidharau Kimakonde chako, wala usikilazimishe Kiarabu kiwe Kiswahili. Kila usomapo, tafuta fi'li kwanza, kisha tazama harakati, ndipo ufasiri.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.